Zuleha na Mashine ya Salfa

Kazi ya kupulizia mikorosho dawa ilikuwa ya mume wa Zuleha, Masoudi, na kwa miaka tisa pale Naipingo hakuna aliyemfikia. Kisha pikipiki ikamwangusha kwenye mteremko wa mchanga. Bega la kulia likavunjika, likaunga vibaya, na mkono ukawa hauinuki kupita kifua. Mashine ya salfa hubebwa mgongoni, nzito kama mtoto wa miaka mitatu. Kwa bega lile isingebebeka tena.

Mwezi wa sita ulipoingia na mikorosho ikaanza kuchanua, wenye mashamba walipiga simu. Zuleha akamwambia mumewe, "Baba Samia, nifundishe."

Masoudi akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akamfundisha: kuvuta kamba ya kuwashia, kuutegea upepo mgongo, kufunga kitambaa puani. Alimfundisha vizuri mno. Msimu wa pili Zuleha akawa anaitwa hadi Nambilanje, upande wa Ruangwa, na watu waliozoea kumwamkia Masoudi "fundi" sasa walifika mlangoni wakamuuliza yeye mwenyewe, "Fundi yupo?"

Swali hilo lilimchoma. Lakini mtu hawezi kulionea wivu swali, kwa hiyo akatafuta mtu, akampata: Dastani, fundi wa injini ndogo mjini Ruangwa, ambaye Zuleha alimpelekea mashine kila ilipogoma.

Basi Zuleha akienda kuoga, simu iko mkononi mwa Masoudi. Akiliona jina la Dastani, anauliza. Asipoliona, anasema limefutwa. Alinusa hata kanga zake, na alipokuta salfa tupu alisema salfa imefunika harufu nyingine. Zuleha alijibu kila swali, hata yale ya aibu, akiamini iko siku mumewe atashiba majibu.

Asubuhi moja alikuwa shambani kwa mama mmoja mjane wa Nambilanje, Edina. Umande ulikuwa bado majanini, saa nzuri ya unga wa salfa kushika. Mashine ikakohoa mara mbili, ikazima. Akavuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Mwishowe akaipakia kwenye bodaboda hadi Ruangwa.

Dastani alimimina petroli ya tangi kwenye chupa, akaiinua juani. Chini kulikuwa na tabaka la maji.

"Dada, mvua haijanyesha tangu mwezi wa tano," alisema taratibu. "Haya maji yana mtu."

Zuleha alikaa kwenye benchi. Petroli ile ililala chumbani kwao. Samia, mtoto wao wa pekee, alikuwa shule ya bweni. Waliobaki ni wawili tu.

Hakulia. Tangi lilisafishwa, akarudi kwa Edina, akaomba radhi, na kwa kuwa umande ulikuwa umekauka, akaamua kulala huko amalize alfajiri. Alimpigia mumewe: "Nalala kwa mama Edina. Huyu hapa, zungumza naye." Akampa mwenye shamba simu.

Aliporudi nyumbani alimkuta Masoudi uani akichonga mpini wa jembe kwa mkono wa kushoto.

"Maji umetia wewe."

Masoudi aliendelea kuchonga.

"Ulitaka nini, Baba Samia?"

"Ukwame."

"Nikwame, halafu?"

Panga likatulia. "Halafu uniulize mimi. Zamani ikigoma ulikuwa unaniuliza mimi. Sasa unakimbilia kwa Dastani."

"Si ungesema?"

"Mwanamume anayasemaje maneno hayo?"

"Kama ulivyoyasema sasa hivi. Sasa nisikilize. Kazi siachi. Maswali ya simu, nimemaliza kuyajibu. Jumatatu naenda Mnero. Ukitaka twende, twende. Ukiiharibu tena mashine, nakwenda kwa kaka yangu, na mashine nakwenda nayo."

Jumatatu Masoudi alibaki. Zuleha akaenda peke yake. Wiki iliyofuata, alipokuwa akiifunga mashine kuipeleka Ruangwa ikakaguliwe, alimkuta mumewe amevaa viatu, amesimama mlangoni.

Kwa Dastani wanaume wale wawili walisalimiana wakiangalia chini. Kisha Dastani akawasha mashine. "Kaka, ina mlio siuelewi. Hebu sikiliza."

Masoudi aliinama, akatega sikio. "Kabureta," alisema. "Haikai sawa." Wakaifungua pamoja, na ndivyo ilivyokuwa.

Wivu haukwisha siku hiyo. Hata leo kuna siku simu ikilia uso wa Masoudi hubadilika, na Zuleha humwacha mpaka wivu umpite. Lakini Masoudi ndiye anayepanga sasa shamba lipi litangulie, na ndiye anayekwenda kuikagua mikorosho kabla ya kazi. Msimu huu Zuleha amempokea Lusiana, mke wa jirani, ajifunze kupuliza. Mume wa Lusiana alikuja kulalamika. Masoudi alimwekea kigoda, wakazungumza mpaka adhuhuri.