Taa Iliyokuwa Bado Inawaka

Jirani yetu wa ghorofa ya tatu, hapa Greyville, Durban, alipohamia Johannesburg aliniachia mjusi wake wa ndevu. Katika jengo zima mimi tu ndiye niliyekuwa namuuliza maswali juu yake. Akaniachia na tangi la kioo, taa ya joto, na taa nyingine ndefu, nyeupe.

"Hii ndefu ubadilishe kila baada ya miezi sita, bhuti, kaka yangu. Hata kama bado inawaka."

Nilicheka. Nina digrii, lakini nafanya kazi kwenye duka la simu, na sijui ni wateja wangapi nimewaambia betri yao imekwisha wakati ilikuwa nzima. Kwa hiyo niliposikia habari za taa inayowaka lakini imekufa, niliitambua lugha yenyewe. Ni lugha yetu ya kaunta.

Mengine niliyasoma, nikayakubali. Asili ya mjusi huyu ni bara la Australia, ndani kabisa, kwenye ukavu na mawe ya moto. Durban, kwa unyevu wake, hata shati la kwenye kamba halikauki. Niliondoa beseni la maji, nikafungua tangi juu lipate hewa. Nilimnunulia nyenje. Taa ndefu sikuibadilisha. Nilisogeza tangi dirishani, jua limpige kupitia kioo. Jua ni la bure.

Mama mdogo, ninayeishi naye, hakumpenda mnyama huyo.

"Ule nyama iko ananiangalia sana."

"Anaangalia ukuta, mama mdogo."

"Ukuta iko na nini? Weye ndiye ulisoma, jibu!"

Mwezi wa nane hivi vidole vya mjusi vilianza kutetemeka. Nikasema ni baridi. Kisha asubuhi moja hakupanda jiwe lake. Alijikokota kwa kifua, miguu ya nyuma ikimfuata kama si yake.

Daktari wa wanyama alimbonyeza taya kwa kidole gumba, taya likabonyea. Akanieleza kwamba jua lina miale ambayo mwili wa mjusi hauwezi kujenga mifupa bila hiyo. Kioo cha dirisha huizuia. Taa ile nayo huacha kuitoa kimyakimya, huku ikiendelea kung'aa. Nikamwomba ushahidi, ni mazoea yangu. Alinionyesha picha ya eksirei. Mifupa ya mapaja ilikuwa hafifu kama moshi.

"Atapona?"

"Tutaona. Kilichopinda hakinyooki tena."

Nimefunga taa mpya. Jua likiwepo nampandisha juu ya paa, bila kioo kati yake na jua, na mara mbili kwa siku nampa mdomoni dawa ya kalsiamu kwa bomba la sindano. Siku nyingine anameza. Siku nyingine ananitazama tu, na sijui kama ana maumivu, wala sina namna ya kumuuliza.

Leo mama mdogo alisimama mlangoni, mbali kidogo, leso mkononi.

"Nimuombee?"

Siku zote namwuliza anajuaje kwamba kuna anayesikia.

"Muombee," nikasema.

Akaanza kwa sauti ya chini. Nikaweka ncha ya bomba kwenye midomo ya mjusi. Hakuifungua. Ningeweza kuifungua kwa nguvu kidogo, lakini taya lile lilikuwa laini mno, nikaogopa. Dawa ikamtiririka kidevuni, ikaingia kwenye kiganja changu.