Goti Nililopiga Nikiwa na Trei ya Mkojo

Sijawahi kumsimulia mtu habari hii yote. Hata Rehema ninayekaa naye dawati moja nilimpa nusu tu, na hiyo nusu nilimchagulia ile isiyoniaibisha. Leo naiandika nzima, kwa sababu aibu nikiiacha kichwani inazidi kuota mizizi, na pia (niseme ukweli) kwa sababu kuna sehemu yake ninayojivunia mpaka nacheka peke yangu nikiosha vyombo, shangazi anauliza kama niko sawa.

Mimi naitwa Kabula, niko kidato cha nne, nakaa Kambarage hapa mjini Shinyanga kwa shangazi. Kwetu ni kijijini, ukitoka na baiskeli asubuhi unafika jua likiwa kichwani. Nina haya, tena siyo zile haya za kupendeza ambazo watu wanasema "binti ana adabu". Mwalimu akitaja jina langu darasani masikio yanawaka moto, na jibu ambalo nilikuwa nalijua kabisa linarudi tumboni. Ndiyo maana naandika daftari. Daftari haliniangalii usoni.

Sasa ilikuwa ni wakati wa kujaza selform, ile fomu ya kidato cha nne ya kuchagua tahasusi na vyuo. Kwangu mimi baba alishachagua zamani. Tangu nilipofaulu darasa la saba ananiita Dakitari, na mnadani anakopeleka ng'ombe hakuna mtu asiyejua kwamba binti yake atasomea udaktari Dar es Salaam, hata wanaouza chumvi wanajua. Kwa hiyo kwenye fomu ya majaribio, ile tunayojaza kwa penseli, niliandika hivyo hivyo: PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, halafu udaktari, Dar. Madam Neema, mwalimu wetu wa taaluma, akaniita ofisini. Mezani alikuwa na matokeo yangu ya mtihani wa moko: Biolojia B, Kemia C, Fizikia D (na hiyo D yenyewe ilikuwa ya kuombewa).

"Kabula, hii D utaifikisha Dar?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Haya machaguo ni ya kwako au ya baba yako?"

Nikaendelea na viatu.

"Sikukatazi kitu. Lakini kuna vyuo hapa hapa mkoani kwetu, na wewe hata getini hujawahi kusimama. Nenda Ijumaa, nakupa ruhusa, nenda kile cha maabara. Niletee sifa za kujiunga, na uniambie kama umekipenda. Jumatatu tunaandika kwa peni."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nakipenda tayari, kabla hata ya kukiona. Ninachokipenda mimi ni hadubini, siyo wagonjwa. Wagonjwa wanaongea. Lakini kumwambia baba kwamba sitaki Dar, nataka cha hapa Shinyanga, hilo niliona afadhali nimeze jiwe.

Ijumaa nilipita nyumbani kwa shangazi kwanza, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ambao ulinimaliza. Binamu yangu Limi anauza kwenye duka la dawa na ana makoti meupe mawili. Moja lilikuwa kwenye kamba. Nikawaza, nikienda na sare ya shule kila mtu atauliza "binti unatafuta nani," na mimi kuulizwa siwezi, lakini nikivaa koti jeupe nani ataniuliza? Nikalivaa juu ya sare. Lilinifika chini ya magoti, mikono nikaikunja mara tatu.

Na kweli hawakuniuliza. Hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Mlinzi aliponiona tu akafoka, "We binti, kila siku mnachelewa! Wenzako wameshaingia maabara, kimbia!"

Hapo ndipo ningesema mimi si wa hapa, nimekuja kuuliza tu. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, kimbia!"

Nikakimbia. (Jamani, nilikimbia kweli.)

Ndani kulikuwa na watu kama thelathini, wote na makoti meupe, na kabla sijarudi nyuma dada mmoja akanishika mkono. Anaitwa Doto, kwao ni Nkome, ziwani, na anaongea bila koma. "Afadhali umekuja mwenzangu anaumwa nimebaki peke yangu njoo huku wewe ni wa mkondo B siyo?"

Nikasema, "Ee."

Hiyo "ee" sikuipanga, ilitoka yenyewe kama chafya. Akanivisha glavu, akanisogezea kigoda, na mimi nikawa mwanachuo.

Mkufunzi, Mwalimu Shija, alikuwa ameleta kila meza trei yenye vikopo sita vya mkojo. Akasema katika kila trei kuna kikopo kimoja chenye mayai ya kichocho, tukitafute. Doto akaangalia slaidi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akasema anaona mapovu tu, akaniachia hadubini ili apate nafasi ya kuongea na meza ya jirani.

Kichocho nakijua. Kaka yangu Masele alikojoa damu karibu mwaka mzima na hakusema, kwa sababu wavulana waliokuwa wanaoga naye kwenye majaruba ya mpunga walimwambia ndiyo kukua huko. Mama ndiye aligundua, kwenye kaptula. Baba alimpakia kwenye baiskeli mpaka hospitali, na kule mtu wa maabara akamwambia baba, "Nimewaona." Baba alirudi nyumbani akilirudia hilo neno wiki nzima. Amewaona! Mtu anaangalia tone la mkojo anawaona! Alipopona Masele, mimi nilikuwa nachora mayai ya kichocho kwenye daftari la Biolojia wakati wenzangu wanachora maua.

Kwa hiyo kwenye slaidi ya tano, alipotokea, nilimjua kama mtu unayemfahamu akikatiza stendi. Yai refu refu, na mwiba wake kwa nyuma. Nikasema kwa sauti ya mbu, "Huyu hapa."

Doto akaangalia. "Mwalimu! Mwalimu Shija! Huyu mwenzangu amemwona!"

Mwalimu akaja, akainama, akakaa hapo muda, akasema, "Safi sana. Meza nyingine zote bado. Hebu beba trei yenu ulete mbele, wote waone." Nikabeba trei. Natembea mbele ya watu thelathini, na kifuani, sijui niseme nini, kama nimepanda juu ya kichuguu naona mbali.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mkuu wa chuo. Mama mtu mzima, miwani, kitenge kimeshonwa vizuri, viatu vya ngozi. Wote wakasimama, wakasema, "Shikamoo Mkuu."

Mimi nikapiga goti.

Nifanyeje? Nimezaliwa Usukumani. Tangu naanza kutembea, mtu mzima akiingia msichana anapiga goti, magoti yangu hayaniulizi. Yalikwenda yote mawili, kichwa nikakiinamisha kwa heshima zote, na trei ikainama nayo kwa heshima zote. Vikopo vinne vilikuwa na vifuniko. Viwili, vile tulivyosahau kuvifunika tena, vikamsalimia Mkuu kwenye viatu.

Koti lilikuwa limefunguka, na chini yake sketi ya bluu ya shule ikawa inaonekana, na soksi zangu nyeupe, na Mkuu akaziangalia zile soksi kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia viatu vyake.

"Mwanangu, wewe ni nani?"

"Kabula."

"Wa wapi?"

"Kidato cha nne. Nilikuja kuuliza sifa za kujiunga."

Maabara nzima ikaanguka kwa kicheko. Doto alilala juu ya meza. Mwalimu Shija naye aligeukia ukutani, mabega yanatikisika.

Mkuu hakucheka. Akavua viatu, akavaa glavu, akasema wote wasogee waone namna sampuli iliyomwagika inavyosafishwa, na akanifanya mimi ndiye nisafishe. Funika kwa karatasi, mwagia klorini, subiri, futa kutoka nje kwenda ndani. Akaomba namba ya baba, Mwalimu Shija akampigia, na kwa kuwa mikono ya Mkuu ilikuwa na glavu, simu ikawekwa mezani kwa sauti kubwa.

"Haloo! Ongea kwa nguvu, niko mnadani!" Ng'ombe wanalia nyuma yake.

"Mimi ni mkuu wa chuo cha maabara hapa Shinyanga. Niko na binti yako Kabula."

"Dakitari wangu! Kafanya nini?"

(Dakitari wangu. Mbele ya watu thelathini, nimeshika tambara.)

"Amemwaga mkojo."

Ng'ombe mmoja akalia.

"Wa kwake?"

Sitaandika walivyocheka. Nitasema tu kwamba safari hii Mkuu naye alicheka, akafuta macho kwa mkono wa kitenge chake, akamweleza baba habari yote, koti, mlinzi, goti. Kisha akasema, "Lakini mzee, kabla ya kumwaga aliona yai la kichocho. Wanafunzi wangu wote walikuwa bado."

Baba akasema polepole, "Wale wa Masele?"

"Sijui Masele ni nani, lakini wa kichocho."

"Amewaona? Mwenyewe, kwa macho yake?"

"Amewaona."

"Nipe huyo mtoto." Nikasogelea meza. "Kabula. Hicho chuo unakitaka?"

Mimi ambaye hata nikiitwa jina darasani nashindwa. Watu wote wale wananitazama, Doto ameuma glavu. Nikaona kwamba nikisema "ee" tu, baba atadhani ni ile ee yangu ya kumridhisha mtu, ile ile iliyonifikisha hapo.

"Nakitaka, baba," nikasema, na sauti ikatoka kubwa mpaka nikashtuka. "Dar sikutaka. Ni wewe ulitaka."

Ng'ombe wakalia weee.

"Hapo Shinyanga," akasema. "Kumbe nitakuwa nakuja kukuona na baiskeli." Halafu akamgeukia mtu wa huko huko mnadani, hakukumbuka hata kukata simu, tukamsikia wote: "We Mayunga! Binti yangu amewaona!"

Jumatatu niliandika kwa peni. Chaguo la kwanza, chuo cha maabara, Shinyanga. Madam Neema akauliza kama nimepata sifa za kujiunga, nikamwambia zile sikupata nafasi ya kuuliza. Koti la Limi nililifua mara tatu na bado amekataa kulivaa.

Baba alikuja Jumapili iliyofuata, kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kabla ya chakula nikamletea jagi la maji na beseni anawe, nikafika mbele yake, na magoti yakaanza kazi yake.

Baba akainua mikono yote miwili juu.

"Ng'wanone, mwanangu," akasema, "weka chini kwanza!"

Nikaweka chini. Ndipo nikapiga goti. Na hicho ndicho kiapo changu: koti la mtu sivai tena, ee ya kuponyoka sisemi tena, na goti nitapiga mpaka nizeeke, ila mikono ikiwa mitupu.