Mshumaa wa Kinamasi cha Ludkin

Obadiah Thirtle alinuka moshi wa samaki hata kanisani, na sisi wanawake wa kiwandani kwake Yarmouth, tuliomtundikia samaki wa heringi juu ya moto wa mwaloni, tulimpenda hivyo hivyo. Alikuwa tajiri, lakini alfajiri ungemkuta amelala kifudifudi matopeni akitazama ndege. Bunduki hakuwa nayo. Hilo liliwakera sana mabwana wa Chama cha Ndege.

Desturi ya chama ilikuwa moja: ndege hatambuliwi mpaka mzoga wake uwekwe mezani. Mwaka ule, baridi ilipoisha, Thirtle akawaambia ameona ndege weupe wenye mabaka meusi, mdomo umepinda juu kama sindano ya mshona viatu, wanataga. Ndege hao walikwisha kwetu tangu enzi za babu zetu, kwa bunduki hizo hizo.

"Lete mmoja," akasema Kanali Cozens, mwenyekiti.

"Nikimleta, Kanali, si nitakuwa nimewamaliza tena?"

"Basi wewe mwongo, mzee. Rudi kwa samaki wako."

Aliporudi kiwandani macho yalikuwa mekundu, na si kwa moshi.

Kanali hakuwa mjinga. Alijua Thirtle hutambaa wapi: kinamasi cha Ludkin, ambacho wiki ile kilikuwa kinakodishwa. Anayekikodi ndiye hukata matete yake, na ndiye mwenye ruhusa ya kuwinda humo. Kwetu kinamasi hukodishwa kwa mshumaa: pini huchomekwa ubavuni mwa mshumaa unaowaka, watu wakapandishana bei, na pini ikianguka, aliyetaja bei mwisho ndiye mwenye nacho.

Siku ya mnada tulijazana kilabuni, wengine madirishani. Kanali alipandisha, wakata matete wakapandisha, mwishowe wakamwachia. Thirtle alikuwa bado hajataja bei. Alikuwa akiitazama nta kama alivyotazama viota, bila kupepesa macho.

"Vipi, muuza samaki," Kanali akamgeukia, "umekuja kuota moto wa mshumaa?"

Watu wakaangua kicheko.

"Naongeza shilingi," akasema Thirtle taratibu.

"Shilingi! Jamani, mmemsikia? Eti shi—"

Pini ikalia mezani.

Tulipiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa mzima wakabweka. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Siku ile uliponza bunduki.

Mwezi Juni Thirtle akawaalika mabwana wote. Bunduki ziliachwa ukingoni, wakapanda mashua zetu za heringi, nasi tukapiga makasia. Vifaranga walikuwa matopeni, wanafagia maji kwa vimdomo vyao kama mama zao.

Ndege mmoja akaruka. Kanali, kwa mazoea, akainua fimbo yake begani, jicho moja amelifumba. Thirtle hakumzuia. Fimbo ikakaa hewani, kisha ikashuka polepole, na Kanali akavua kofia.

"Katibu, mwandike ndege huyu."

"Mezani tutaweka nini, Kanali?"

"Usiweke kitu. Andika: yu hai."