Siku Mjomba Alipokufa kwa Ajili ya Kamera

Baba alikuwa fundi cherehani pale Makorora, na maisha yangu yote alikwisha kunipangia: kutia vifungo. Makoti, mashati, suruali za watoto wa shule, vyote vilipitia mikononi mwangu, nami nilivichukia vifungo kama mtoto anavyochukia mafuta ya nyonyo. Kwa hiyo serikali ilipoanzisha mafunzo ya kupiga picha za sinema, zile za kuwaonyesha watu vijijini namna ya kulima na kujikinga na maradhi, niliomba nafasi kabla sijajua kamera inashikwa upande gani. Nilipoipata, Baba hakugombana nami. Alisema tu, "Haya, nenda kakamate vivuli. Vifungo vitakungoja, havina haraka."

Tulikuwa wanafunzi wachache katika chumba cha mabati karibu na stesheni, joto lake la kuumua mikate. Mwalimu wetu alikuwa Mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili kitabuni, hivyo hakukosea hata silabi, na alipofanya mzaha hapakuwa na aliyejua kuwa ni mzaha. Alitufundisha kupakia filamu kwa kupapasa, mikono imo ndani ya mfuko mweusi. Alitufundisha kukata vipande na kuviunga kwa gundi. Siku moja akatueleza kwamba huko kwao sinema sasa zinaingia majumbani, zimo ndani ya kisanduku, na watu wanazitazama huku wanakunywa chai. Mwenzetu mmoja, Msambaa, mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri, akauliza hao watu waliomo kisandukuni wanalishwa na nani. Hatukumcheka sana, maana wengi wetu tulikuwa tunalingoja jibu.

Mwalimu alikuwa na sheria mbili, na alizirudia mpaka tukaziota. Kwanza, picha ijieleze bila maneno. Pili, mtu akishaingia mbele ya kamera, usiizime mpaka atoke.

Mwisho wa mafunzo kila mmoja alipewa mkebe mmoja wa filamu, basi, na jambo la kufundisha. Mimi nilipewa kuchemsha maji ya kunywa. Atakayefanya vizuri kuliko wote angeajiriwa kwenye lori la sinema la serikali, lile la kuzunguka vijijini, na wengine wangerudi walikotoka. Mimi nilikotoka mnakujua.

Nikapanga hadithi yangu. Mtu anakunywa maji ya kisimani, anaugua, anakufa, analiliwa. Halafu anaonekana jirani yake aliyechemsha maji, mzima, mnene, anacheka. Sikuona kasoro yoyote, ila nilikosa maiti. Makorora nzima hapakupatikana mtu wa kukubali kulala na kufunikwa shuka jeupe, kwa kuwa kwetu jambo hilo ni uchuro: ukiigiza kifo unakiita. Rafiki yangu mmoja aliacha kupita barazani kwetu kwa kuniogopa tu.

Aliyeniokoa ni Mjomba, kaka yake Mama, Mzigua aliyekaa Pongwe na aliyependa kutazamwa kuliko kula.

"Kaka, wajichuria!" Mama akamwambia. "Wataka kumwonyesha Izraili mlango?"

"Izraili ajua milango yote," Mjomba akajibu. "Mie sijapata kupigwa picha tangu nizaliwe. Ila wewe mjomba, uso wangu uonekane kwanza, ndipo nife."

Mama alikubali kwa sharti la kusomwa dua siku ileile, mara tu maiti atakapofufuka.

Tukaenda Pongwe siku ya Jumapili. Mjomba akanywa maji, akaugua kwa mbwembwe nyingi, na kama saa nne hivi akawa tayari kufa. Kwa kuwa kamera haikuona kitu ndani ya nyumba, tulimlaza uani, juani, juu ya kitanda cha kamba, tukamfunika shuka. Majirani wanawake walikuja kunisaidia kulia. Mwanzo walikuwa wanachekacheka na kusukumana. Kisha mmoja akamkumbuka marehemu mumewe, akaangua kilio cha kweli, na wenzake wakampokea. Nikaona raha isiyo na kifani. Nikaitia kamera ufunguo, kama saa ya ukutani, nikaendelea kupiga.

Jambo nisilolifikiria ni kwamba kilio husikika. Ng'ambo ya shamba la mkonge walikaa Wanyamwezi waliokuja kukata mkonge, na Wanyamwezi na Wazigua ni watani. Asiyejua utani aelewe hivi: mtani wako akifa, wewe huji msibani kulia. Unakuja kufanya fujo. Unamwigiza, unamsema, unazuia asizikwe mpaka ukombolewe kwa kitu, na hapana wa kukukasirikia.

Mtani mkubwa wa Mjomba alikuwa mzee mmoja Mnyamwezi, mfupi, mwenye sauti ya kuita treni. Kwa miaka mingi hawakuwa wamesalimiana hata siku moja bila kutukanana. Ghafla nikamwona huyo katikati ya picha yangu, kavaa kofia ya Mjomba iliyokuwa imetundikwa mlangoni pa ua, kashika bakora yake, anatembea kwa maringo yaleyale ya Mjomba, tumbo mbele. Nyuma yake wamo wenzake watatu.

"Mzigua wee!" akanguruma. "Nani kakupa ruhusa ya kufa? Umetuuliza?" Akaniangalia mimi na kamera yangu juu ya miguu yake mitatu. "Tazameni! Mpaka mpima ardhi kaja! Tumbo lile, kaburi lake lisipopimwa litaingia shamba la watu!"

Wenzake wakaufunga mguu wa kitanda kwa kamba ya mkonge, wakasema maiti haondoki mpaka waletewe jogoo. Waliaji wakajaribu kujizuia, wakashindwa. Yule mjane alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka kulia. Filamu ilikuwa inakwenda, mkebe ni huo mmoja, na jirani mnene wa maji ya kuchemsha alikuwa bado anangoja zamu yake chini ya mkorosho. Lakini sheria ni sheria: walioingia walikuwa hawajatoka. Kila ufunguo ulipoisha niliutia tena.

Nikaona shuka linatikisika. Mzee akaendelea, "Na mapishi yake! Alikuwa hajui hata kuchoma muhogo!"

Hapo Mjomba hakustahimili. Akakaa kitako ndani ya sanda, akasema, "Muhogo wangu uliula wewe, ukaomba tena!"

Watani wote wanne walitoka kwa kasi ambayo kamera haikuwahi kuifuata. Mmoja alipita katikati ya ua wa makuti, akauacha na tundu la umbo lake. Filamu nayo ikaisha. Iliyobaki ilikuwa dua ya Mama, na jogoo, kwa sababu watani walirudi kumdai hata baada ya kuelezwa yote.

Filamu iliposafishwa na kurudi, tuliitazama darasani kwenye shuka la ukutani. Wenzangu walicheka mpaka Msambaa akaanguka na kiti. Mwalimu hakucheka. "Maji yaliyochemshwa yako wapi?" akauliza. Nikasema hayakupata nafasi. Nikaanza kuvihesabu vifungo kichwani.

Akairudisha nyuma filamu, akaionyesha tena. "Tazama pembeni," akasema.

Pembeni, nyuma ya wanawake waliokuwa wakilia, alionekana yule mzee anafika kwenye ua, peke yake, wenzake hawajamfikia. Anasimama. Anatazama kitanda. Anatoa kitambaa, anajifuta uso mzima, anakirudisha mfukoni, anajifuta tena kwa kiganja. Halafu anainyoosha shingo, anaichukua kofia mlangoni, anaivaa upande, na kuingia kwa maringo. Mimi nilikuwa nimeshughulika na miguu ya Mjomba. Sikuona hata kidogo.

"Maji umefeli," mwalimu akasema. "Jumatatu uje na nguo zako kwenye lori." Kama kawaida yake, sikujua kama ni mzaha, kwa hiyo Jumatatu nilikwenda na vitu vyote viwili: nguo zangu na udhuru. Hakuwa amefanya mzaha.

Lori lilipopangiwa Pongwe, niliionyesha ile filamu baada ya zile za serikali. Mjomba na mtani wake walikaa mbele, mkeka mmoja, wakitukanana tangu magharibi. Ilipofika pale kwenye ua, Mjomba akaliacha tusi njiani. Mzee Mnyamwezi akaitazama sura yake inavyojifuta, mbele ya Pongwe nzima.

"Jasho lile," akasema. "Jua lilikuwa kali."

Mjomba, ambaye mtani hakupata kumshinda kwa maneno, alijipapasa, akatoa kitambaa chake mwenyewe, kile kikubwa cha Ijumaa, akamwekea mwenzake pajani.

"Kaa nacho," akamwambia. "Siku ya kweli, hicho chako hakitatosha."