Lori Lililonukia Sabuni

Nakumbuka Alhamisi moja asubuhi pale sokoni Daraja Mbili, mwana wa ndugu yangu, mama mmoja muuza ndizi alipoinamia bodi ya lori langu, akanusa, akakataa kunipa mzigo. Tangu uje jana na ufunguo wa lori lako ukitaka tuuombee, asubuhi ile hainitoki akilini. Tutauombea, usijali. Lakini kaa kwanza, maana maombi peke yake hayabadilishi tairi.

Nilikuwa kijana kama wewe. Nilikuwa nimeendesha malori ya watu miaka sita, nikachoka kumtajirisha tajiri wangu. Baba akauza ng'ombe watatu, wale aliowategemea kuliko hata shamba lake la chai, nikaongeza akiba yangu, nikanunua lori kuukuu la tani saba. Siku niliyolileta nyumbani, huku Masimba, mama alipiga vigelegele hadi kuku wakakimbilia migombani. Nikajiona nimefika. Kumbe ndiyo kwanza nilikuwa nimewasha injini.

Kazi yangu ilikuwa kupeleka ndizi Narok. Kwenda nilijaza, kurudi nilirudi mtupu. Si kwamba mizigo ilikosekana. Wafugaji wa kule walikuwa na samadi ya mbuzi vilima kwa vilima, na wakulima wetu walikuwa wakiililia kwa migomba yao. Mimi nilikataa katakata. Unajua kwa nini? Kila Sabato lori langu liliibeba kwaya ya kanisa letu, bure, kwenda kuimba kwenye makanisa jirani na kwenye makambi ya ibada. Wasichana walivaa sketi nyeupe. Nami, usicheke, mmoja wao ndiye huyu aliyekuletea chai sasa hivi. Ningemketisha vipi palipolala mavi ya mbuzi? Kwa hiyo kila jioni nilisugua bodi kwa sabuni.

Debe tupu haliachi kuvuma. Minyororo ya mlango wa nyuma iligonga njia nzima, na baba aliisikia kutoka shambani kabla hajaniona. Aliinama tu, akaendelea kuchuma chai. Mwaka haukuisha, tairi za nyuma zikaanza kulika, na nilichopata kwenda kilikuwa kimemalizwa na mafuta ya kurudi. Nikamtafuta mnunuzi. Akaja Jumanne, akalizunguka lori mara mbili, akasema atarudi Jumapili kulichukua. Ng'ombe wa baba walikuwa wanaondoka mara ya pili, na safari hii kwa upuuzi wangu.

Hapo ndipo Alhamisi ile ikanikuta mbele ya muuza ndizi yule, Mama Moraa, mteja wangu.

"Hii lori inanuka sabuni," akasema. "Sabuni ya nini siku ya kazi?"

Nikamweleza habari ya kwaya, tena kwa majivuno.

"Na jana ulirudi na nini kutoka Narok?"

"Nilirudi tu, mama."

Akaketi juu ya mikungu yake. Akaniita tata, baba, kama mama zetu wanavyowaita vijana wanapotaka wasikizwe.

"Tata, mimi nakulipa kwenda. Nani anakulipa kurudi? Unafikiri hizi ndizi zimemea kwa sabuni? Huyo Mungu mnamwimbia ndiye aliumba mbuzi na mavi yake. Leo sikupatii ndizi mpaka uniambie utarudi na nini, na utashushia nani."

Soko zima likacheka. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nilitaka kumjibu vibaya, lakini alikuwa rika la mama yangu, na kibaya zaidi, alikuwa anasema kweli. Nikazunguka soko lile nikiuliza. Kabla jua halijapanda, wanawake watatu wenye mashamba upande wetu walikuwa wamekubali kuipokea na kuilipia samadi, naye Mama Moraa akaruhusu mikungu ipakiwe.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama na koleo. Mfugaji mmoja wa Narok aliniuliza kama mimi ni dereva au kibarua, nikamwambia leo ni wote wawili. Viganja vilitoka malengelenge.

Ijumaa mchana nikaupanda mlima wa kwetu kwa gia ya pili. Baba alikuwa shambani kwenye chai. Alisikia injini ikilalama na minyororo imenyamaza. Akatua kikapu, akashuka mbio, mzee yule, akafungua lango kabla sijapiga honi. Mwanangu, nililia palepale kwenye usukani.

Nilishusha, nikasugua bodi kabla jua halijazama, lakini harufu haikutoka yote. Kesho yake kwaya ikakunja pua. Msichana mmoja tu alitandika leso yake, akaketi, akaanza kuimba. Nikajua nimepata mke. Na Jumapili mnunuzi alipokuja nilimkaribisha chai, nikamwambia lori haliuzwi. Samadi ya safari moja haikununua tairi, sikudanganyi. Lakini nilirudi Narok wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine, hadi nikazibadilisha.

Basi shika haya. Usiwashe injini kabla hujajua utarudi na nini na nani atakipokea. Una simu mfukoni, mimi nilikuwa na miguu tu. Usiuonee haya mzigo, onea haya kurudi mtupu wakati njia ina mizigo. Wala usifidie hasara kwa kupakia kupita kiasi, mteremko hauna huruma. Fungu la tairi litenge siku ile ile unaposhusha, kabla jamaa zako hawajajua umerudi, maana nawajua, ni jamaa zangu pia. Na kwaya ibebe. Sikukatazi. Ila usilifanye kanisa kisingizio cha majivuno yako, kama nilivyofanya mimi.

Haya, lete huo ufunguo sasa. Mungu akulinde kwenye kona na kwenye miteremko. Akupe mzigo wa kwenda na mzigo wa kurudi. Na ndugu yangu, baba yako, kila akisikia lori lako likipanda mlima, alisikie limejaa, ainuke kukufungulia lango.