Siku Niliyotaja Miezi ya Mimba Yangu

Kwetu mimba haitajwi. Ukiulizwa una miezi mingapi, unapunguza: mitano unaiita mitatu, mitatu unaiita mmoja, ili mwenye roho mbaya asijue siku yako ya kuzaa. Mama mkwe wangu, aliyekimbilia kwetu Mudzipela, mtaa wa Bunia, vita vilipofika kijijini kwao Djugu, alikuwa fundi wa hesabu hiyo. Shamba aliliacha, mbuzi aliwaacha, desturi alikuja nayo.

Sikuwa na ugomvi na desturi mpaka nilipompata mtoto wangu wa kwanza. Mimba yake tuliificha mpaka mwisho, bila kupimwa. Alizaliwa mnene, mzuri, lakini kila akinyonya midomo yake iligeuka buluu na jasho lilimtoka. Wengine walisema ni jicho baya, wengine walisema ni baridi. Tulipomfikisha hospitali, daktari alisema moyo wake uliumbwa na kasoro, na kwamba tungejua mapema tungemzalia mahali penye oksijeni na dawa. Tulimzika kabla hajajua kukaa. Mama mkwe ndiye aliyemwosha. Daktari aliniambia nikishika mimba nyingine nije mapema, mwezi wa tatu, moyo uangaliwe kwa ekografi, ile mashine ya kuona ndani ya tumbo.

Mimba ya pili ilipofika mwezi wa tatu, Mungu alinisaidia: daktari mgeni anayejua kusoma mioyo ya watoto walio tumboni alikuja Bunia na mashine yake, kwa wiki moja tu. Nilikwenda na mama mkwe, maana mwenye mimba haendi hospitali peke yake. Benchi lilikuwa limejaa wanawake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na shughuli nyingine isipokuwa kusikiliza.

"Mimba iko na miezi ngapi?" muuguzi aliuliza kwa sauti ya sokoni.

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe alijibu, "Mwezi moja tu, mama."

"Mwezi moja? Murudie nyumbani. Moyo ingali kidogo sana, dokta hataona kitu. Mutarudia kisha miezi mbili."

Baada ya miezi miwili daktari angekuwa amesharudi kwao. Mama mkwe alikuwa ameshabeba mfuko wake, ameridhika kabisa, amemshinda mchawi. Kumkanusha mama mkwe mbele za watu ni kama kumvua nguo. Nauza vitenge na mdomo wangu unajulikana soko zima, lakini kwake sikuwahi kuuinua. Nilisimama.

"Trois mois!" nikasema. "Miezi tatu mizima. Mama anaogopa tu. Mutoto wangu wa kwanza alikufa juu ya ugonjwa ya moyo. Huyu nataka wamuangalie leo."

Benchi lote likanigeukia. Sitajifanya mnyenyekevu: sauti ile naionea fahari mpaka leo.

"Weye umenipatisha haya," mama mkwe alininong'oneza.

"Munisamehe, mama. Miye sitaki kuzika tena."

Aliweka mfuko chini, akaingia nami chumbani.

Moyo ulikuwa mdogo kama punje ya ulezi, unapigapiga kwenye kioo cha mashine. Daktari aliutazama kwa muda mrefu. Alisema kwenye njia ya kutolea damu moyoni kuna kitu asichokipenda, ila ni mapema mno kuwa na hakika; mwezi wa tano tumfuate kwao, hospitalini kwake, aangalie tena. Nililia sana. Mama mkwe alinipangusa uso kwa kitenge chake.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sijui kama aliikumbuka methali hiyo, ila mwezi wa tano ulipofika yeye ndiye aliyetangulia kuvaa viatu. Daktari alithibitisha: tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, na njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba. Tuliogopa, lakini safari hii tulijua tunachokiogopa. Nilihamia karibu na hospitali yake kabla uchungu haujaanza.

Binti yangu alizaliwa mchana. Oksijeni ilikuwa tayari, dawa ilikuwa mezani, na daktari alikuwa amesimama akimngoja yeye. Upasuaji wa moyo wake bado uko mbele yetu, na tumeshaambiwa utafanyika wapi. Siku ile alilia kwa nguvu, na mama mkwe akatoka barazani akapiga vigelegele mpaka muuguzi akamkimbilia kumwomba anyamaze, wagonjwa wamelala.

"Uniache, mwanangu," mama mkwe akamjibu. "Wa kwanza tulimunyamazia."