Kabula Apata Mpinzani

Tuliondoka Bariadi kwa sababu moja: Kabula hakuwa na mwanamke wa kucheza naye judo. Alifundishwa na askari mstaafu, juu ya magunia ya pamba yaliyojazwa pumba za mpunga, na vijana wote pale walimkwepa.

"Nikimwangusha, mtasema nimempiga mwanamke. Akiniangusha, nihame mji," mmoja alisema.

Ulipokuja mwaliko wa mashindano ya wanawake wa nchi jirani, Nairobi, askari alimwandikisha uzito wa chini ya kilo hamsini na sita. Mimi, mwalimu wa shule na jirani wa kina Kabula, nikaombwa nimsindikize.

Asubuhi tulipanda basi la mtu binafsi. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na mabasi mapya yalikuwa yakigombea abiria kwa honi.

Lamadi tulisubiri gari la Sirari, mpakani, kwa shangazi yake, muuza samaki.

"Mwadila, mayu," Kabula alisalimia kwa Kisukuma, amepiga goti.

Shangazi alileta ugali na sato wawili. Kabula akamweleza habari za kupimwa uzito.

"Mizani ni ya pamba," shangazi alisema. "Wewe ni mtoto wangu. Kula."

Kwetu chakula cha shangazi hakikataliwi. Alikula. Akafungiwa na michembe, viazi vitamu vikavu vya kula njiani. Musoma alikuwepo shangazi mwingine.

Nairobi, kwenye mizani, mshale ulipita alama.

"Amezidi kidogo," msimamizi alisema. "Nawapa saa moja. Asipopungua, hachezi."

Kabula alinitazama. Safari yote ile arudi bila kumshika mtu! Nikamvalisha sweta lake, sweta langu, na koti langu la mvua. Nje, juani, nikaanza wimbo wa kulimia, naye akacheza bugobogobo, ngoma yetu ya jembe, akilima hewa. Waganda walikuja kutazama. Mmoja akageuza ndoo kuwa ngoma. Kisha Mkenya mmoja mrefu, Akinyi, akaingia na blanketi mabegani.

"Dada, nifundishe na mimi! Nimezidi kama wewe!"

Walilima uwanja mzima, jasho likiwachuruzika. Wote wawili walipita.

Kesho yake wakapangwa kupambana. Kabula alianza kwa kumvuta mkono wa vazi la judo. Akinyi akayumba, hakuanguka. Naye akavuta. Walikokotana, wakanyanyuana, wakaanguka ubavu, wakainuka. Karibu na mwisho Akinyi alizungusha kiuno, na Kabula akatua chali, kishindo kikasikika hadi milangoni. Refa akainua mkono: katika judo, chali kama hiyo humaliza pambano.

Nilikimbia kumfariji. Nilimkuta anacheka.

"Mwalimu, umeona? Hakunihurumia hata kidogo!"

Njiani kurudi alinisimulia pambano lile upya kila tulipobadili gari, akinionyesha kwa mkono wangu mwenyewe. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa amefuata medali. Alimfuata mtu wa kumkabili kwa nguvu zake zote.

Bariadi, mama yake alitupokea barabarani.

"Umeshinda?"

"Nimeshindwa, mama!" Kabula alijibu kwa furaha kubwa, na mama yake, kabla hajalifikiria jibu, akapiga vigelegele.